Weka PIN kwenye laini yenyewe, si kwenye simu tu

Jirani yangu aliibiwa simu wiki iliyopita, ndipo nikaelewa kwamba nywila ya skrini hailindi laini. Mwizi anaichomoa, anaiweka kwenye simu nyingine, kisha anabonyeza "nimesahau nywila" kwenye akaunti zako. Msimbo wa kuthibitisha unamfikia yeye kwa SMS. Ingia kwenye mipangilio ya usalama, tafuta sehemu ya kufunga laini kwa PIN, iwashe. Utaulizwa PIN iliyokuja na laini, mara nyingi iko kwenye kile kikadi ulichoibandulia. Ibadilishe papo hapo kwa kupiga: **04*PIN ya zamani*PIN mpya*PIN mpya#. Tafadhali usibahatishe: ukikosea mara 3 laini inajifunga mpaka uweke PUK (namba maalum ya kuifungulia), na PUK ikikosewa mara 10 laini imekufa. Baada ya hapo, kila laini ikihamishwa au simu ikiwashwa upya, PIN inadaiwa kwanza. Haisaidii simu ikiporwa ikiwa imewaka na SMS zinasomeka juu ya skrini iliyofungwa (hilo lizime leo hii). Wala haimzuii tapeli anayeirudisha namba yako kwenye laini mpya kwa kitambulisho cha kughushi.