Somo: Kuandaa mchezo wa kadi wa kufundishia utoaji salama wa dawa

Kila muhula unapoanza, wakufunzi wapya huniuliza swali lilelile: ule mchezo wa kadi za dawa unaandaliwaje? Nimekwisha kulijibu vipande vipande hadi nimechoka, kwa hiyo nimeamua kuliandika somo zima mahali pamoja, na naomba lisomwe lote kabla mtu hajauliza.

Hatua ya 1. Chagua lengo moja. Wanaoanza wajifunze kumtambua mgonjwa na kusoma chati ya dawa. Hesabu za dozi waachiwe waliokwisha kuingia wodini.

Hatua ya 2. Gawa makundi ya wanafunzi wanne: mtoa dawa, mhakiki, mgonjwa na msumbufu. Kazi ya msumbufu ni kumkatiza mtoa dawa wakati anachota dawa, kwa kujifanya ndugu wa mgonjwa au kwa kumwita kwenye simu, kwa sababu kukatizwa katikati ya kazi huchangia sana makosa ya dawa.

Hatua ya 3. Andika kadi za wagonjwa: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya usajili, uzito, ugonjwa na mzio. Wawili kati yao wafanane majina.

Hatua ya 4. Andika kadi za dawa na maagizo ya daktari, kisha tega mitego. Mitego mizuri haibuniwi, huokotwa wodini: dawa zenye majina yanayofanana, kama dopamini karibu na dobutamini, haidralazini karibu na haidroksizini, agizo la ampisilini (nayo ni aina ya penisilini) kwa mgonjwa ambaye kadi yake inasema ana mzio wa penisilini, dozi iliyoandikwa ".5 mg" ikasomwa 5, au "1.0 mg" ikasomwa 10, insulini "10U" ambayo herufi yake ya mwisho, kwa mwandiko wa haraka, hugeuka sifuri na kuwa uniti 100. Weka pia ampuli (kichupa cha dawa ya sindano) ya potasiamu kloraidi isiyozimuliwa, ambayo kamwe haisukumwi moja kwa moja kwenye mshipa kwa kuwa inaweza kusimamisha moyo. Kila mtego ugundulike kwa kusoma kadi zilizopo mezani, na baadhi ya raundi zisiwe na mtego wowote, la sivyo wanafunzi watazoea kuwinda kosa na, wakishalipata, wataacha kuhakiki yaliyobaki.

Hatua ya 5. Panga alama. Hapa ndipo michezo mingi huharibikia, wa kwangu wa mwanzo ukiwemo. Ukimpa ushindi anayemaliza kwanza, umefundisha haraka, hukufundisha usalama: utamwona mwanafunzi mwenye bidii anasaini chati kabla mgonjwa hajameza kidonge, au anauliza "Wewe ndiye Asha?" badala ya kumwacha mgonjwa ataje mwenyewe jina na tarehe yake ya kuzaliwa. (Ndiyo maana mgonjwa wangu hupewa maagizo ya siri: aitikie jina lolote atakaloitwa, kama anavyoweza kuitikia mtu mwenye homa kali au asiyesikia vizuri.) Alama kamili ziende kwa anayesimama na kuuliza pale agizo lisipoeleweka, hata kama baadaye itabainika kwamba agizo lilikuwa sawa, aliyepatia kwa kubahatisha asipate kitu.

Tahadhari: usimpunguzie alama anayetaja kosa lake mwenyewe, kwani atakachojifunza ni kulificha, na tabia hiyo ataingia nayo wodini. Tahadhari nyingine: mbele ya darasa soma alama za kundi, kamwe usisome za mtu mmoja mmoja.

Hatua ya 6. Chezeni raundi moja ya dakika 15 hivi.

Hatua ya 7. Jadilini kwa muda usiopungua ule wa mchezo. Kwanza wanafunzi waeleze kilichotokea, kisha waeleze kwa nini uamuzi ule ulionekana sawa wakati ule; ukianza kwa kuwaambia walichopaswa kufanya, watanyamaza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, naomba unitumie kadi zilizo tayari, sina muda wa kusoma yote.

Jibu: Soma hatua ya 3 na ya 4. Kadi zangu zimefuata chati ya dawa tunayoitumia sisi, si yenu.

Swali: Kwani saa imepigwa marufuku? Wodini kuna haraka, huwezi kuwalea wanafunzi kama mayai.

Jibu: Sikupiga marufuku saa, nilisema haraka isipewe alama. Wanaomaliza mafunzo unaweza kuwapa wagonjwa wengi kwa muda mfupi, ili waone wenyewe ni hakiki ipi wanayoiruka kwanza wakibanwa. Tafadhali rudia hatua ya 5.

Swali: Mambo ya kuhakiki ni matano au zaidi? Vitabu havikubaliani.

Jibu: Ya msingi ni matano: mgonjwa, dawa, dozi, njia na wakati. Wengine wameongeza kumbukumbu (kuandika kwenye chati dawa iliyotolewa), sababu ya dawa na mwitikio wa mgonjwa. Tumia orodha ya chuo chako, ila usiiache kumbukumbu.

Swali: Wanafunzi wangu wanakokotoa vizuri kwenye mtihani, lakini kwenye mchezo wanakosea hesabu ileile. Je, tatizo ni woga au kuna kingine?

Jibu: Swali zuri sana, na nadhani woga ni sehemu ndogo tu. Kwenye mtihani namba zimekwisha kuchambuliwa. Kwenye kadi mwanafunzi anazitafuta mwenyewe kwenye lebo. Mpe ampuli ya gentamisini ya mg 80 katika ml 2 na agizo la mg 60, na kabla hajashika kalamu aseme: nitatumia ampuli nzima, pungufu au zaidi? Akishasema "pungufu", jibu la ml 1.5 litamkalia sawa, na jibu la ml 15 litamshtua. Kisha mhakiki akokotoe peke yake bila kuona karatasi ya mwenzake, kwa sababu akiiona ataikubali tu. Fanya hivyo hata kwa dripu: ml 1000 kwa saa 8, kwa seti (mrija wa dripu) ya matone 20 kwa ml, ni takriban matone 42 kwa dakika.

Swali: Tunaweza kutumia dawa halisi zilizokwisha muda?

Jibu: Hapana. Tumieni maji, na kila kichupa kiandikwe "kwa mafunzo tu". Vihesabuni kabla na baada ya mchezo, kisije kimoja kikaingia kwenye kabati la wodi.

Mwanachama mwingine: Naongezea kwamba sisi huweka kwenye trei bomba la sindano la insulini, lenye alama za uniti, pamoja na bomba la kawaida la ml 1.

Jibu: Nimeipenda hiyo na nitaiiga. Anayechukua la kawaida asimamishwe papo hapo aulizwe uniti 10 za insulini ya uniti 100 kwa ml ni ml ngapi. Akijibu 1 badala ya 0.1, hapo ndipo majadiliano yenu yaanzie.