Dar ya Kale kwa Siku Moja: Kutoka Dodoma Alfajiri na Kurudi Usiku

Tangu treni ya SGR, yaani ya reli mpya ya kisasa, ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, safari iliyokuwa ikimaliza siku nzima kwenye basi imekuwa ya saa tatu na nusu hadi nne. Mtu wa Area C au Nkuhungu, mitaa ya Dodoma, anaweza kuondoka alfajiri, akautembea mji mkongwe kwa miguu, na usiku huohuo akalala kwake. Wengi wanaojaribu hurudi wameona foleni na Kariakoo tu. Kinachowaponza ni mpangilio, kwa sababu stesheni ya Dar iko ukingoni mwa mji wa kale wenyewe, na kila kitu kilichotajwa hapa chini kiko kwenye mzunguko mmoja wa kilomita chache, unaokurudisha palepale ulipoanzia.

Anza na tiketi, na ununue ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Hapa ndipo siku nyingi huharibikia: mtu anakata ya kwenda, anafika Dar, anakuta treni za jioni zimejaa. Ijumaa na Jumapili ndizo mbaya zaidi, maana watumishi wengi wa Dodoma familia zao ziko Dar, na Bunge likiwa linaendelea hali huwa ngumu zaidi. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa 2024 ni shilingi 31,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12, kwa hiyo weka 62,000 pembeni kabla ya kufikiria chakula. Shika kitambulisho. Mizigo hukaguliwa kwa mashine kama uwanja wa ndege, hivyo fika stesheni saa moja na nusu kabla. Kibegi kimoja cha mgongoni kinatosha.

Siku nzuri ni Jumamosi. Ofisi zimefungwa, magari yamepungua, na njia za miguu zinapitika. Jumapili makanisa yako kwenye ibada, huwezi kuingia kutazama madirisha watu wakisali. Kuhusu msimu, mtu wa Dodoma hujidanganya kirahisi: kwetu mvua ni Desemba hadi Aprili, basi Oktoba na Novemba anaondoka bila mwavuli. Pwani kuna masika, Machi hadi Mei, na kuna vuli, Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kwenda.

Joto nalo lina ujanja wake. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu. Jasho linakauka kabla hujaliona, na mwili unapoa. Pwani hewa imejaa unyevu, jasho linabaki juu ya ngozi, mwili haupoi hata ukiwa umelowa chapachapa. Ndiyo maana mtu aliyezoea jua la Bahi au Chamwino anaweza kuzidiwa Dar saa 7 mchana. Beba lita moja na nusu ya maji, vaa pamba nyepesi inayofunika mabega (utaingia makanisani), na saa za jua kali ziwe za kukaa ndani.

Ukishuka, usiingie Kariakoo. Iko karibu, inaita, na itakula siku yote. Ipange safari nyingine. Shika Barabara ya Sokoine kuelekea mashariki, bandari ikiwa mkono wako wa kulia. Ukitembea taratibu kama robo saa utafika makutano na Barabara ya Morogoro, mkabala na boti za Zanzibar. Jengo jeupe lililopo kwenye kona ni Boma la Kale.

Hapa usiharakishe. Lilijengwa 1866 hadi 1867 enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, aliyeanzisha mji huu kando ya kijiji cha Mzizima. Tazama ukuta kwa karibu, hasa penye ufa au plasta iliyobanduka: utaona mawe yenye vitundu vidogo kama mkate uliokatwa. Hayo ni matumbawe, yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Kisha tazama dari. Nyumba za mawe za pwani zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko ikirefuka sana hulemewa, vyumba vyake viliwekwa vyembamba, mita tatu hivi kwa upana, hata kama urefu wake ni mkubwa. Mti ndio uliopanga ramani ya nyumba.

Mtu wa Ugogoni, nchi ya Wagogo kuzunguka Dodoma, ana faida hapa. Boma lina paa bapa, na tembe, nyumba ya asili ya Mgogo, lina paa bapa pia: nguzo, fito, kisha udongo juu. Fundi wa pwani alifuata wazo lilelile ila akaweka chokaa na kokoto zilizopondwapondwa hadi zikashikamana, kwa sababu Dar hupata mvua karibu mara mbili ya Dodoma, na udongo mtupu usingestahimili. Watoto wakilisikia hilo wakiwa wamesimama pale chini ya boriti, hawalisahau. Kabla hujatoka tazama na mlango wa kuchonga.

Endelea na Sokoine. Kanisa la Mtakatifu Joseph na lile la Kilutheri la Azania Front, yote ya mwanzoni mwa utawala wa Wajerumani hapa, yako mita mia chache tu. Dakika ishirini kwa yote mawili zinatosha, labda ukute kwaya inafanya mazoezi. Wajerumani walihamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kwa hiyo uamuzi wa 1973 wa kuhamia Dodoma haukuwa wa kwanza wa aina yake, na mkazi wa Dodoma anayeona majengo ya serikali ya zamani kando ya Kivukoni anajisomea historia ya mji wake pia.

Fuata bahari hadi Feri, kwenye soko la samaki. Mnada mkubwa wa samaki ni wa asubuhi mapema, hutaukuta, lakini soko bado lina watu. Nenda upande wa wakaangaji, kwenye makarai makubwa ya mafuta. Chagua samaki kwanza, patana bei, ndipo akaangwe. Ukianza kula bila kupatana utalipa bei ya mgeni. Samaki mbichi mzuri ana jicho angavu lililojaa, matamvua mekundu, na ukimbonyeza nyama inarudi. Jicho likiwa limezama na lina ukungu, achana naye hata kama bei ni nusu. Usinunue mbichi wa kupeleka nyumbani: una saa nyingi za kutembea naye kabla hujafika kwenye friji, na harufu yake haitakupendeza wewe wala wenzako kwenye behewa. Simu iwe mfuko wa mbele, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha za watu. Ikulu iko jirani. Usiipige picha kabisa.

Pantoni ya Kigamboni inatamanisha, hasa kwa watoto. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, lakini foleni ya kurudi haitabiriki. Kwa safari ya siku moja iache.

Kufikia saa 6 mchana, panda Mtaa wa Shaaban Robert hadi Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa 1940. Hapa ndipo pa kujificha jua, saa mbili nzima. Tafuta habari za Zinjanthropus, fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu lililopatikana Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75, na magari aliyotumia Mwalimu Nyerere. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni, na kitambulisho ndicho kinachokusaidia. Jirani kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa 1893, yenye vivuli vya kupumzikia na tausi wanaozurura. Miguu ikigoma, basi la mwendokasi la kutoka Kivukoni hupita Posta ya Zamani.

Saa 9 ikipita, rudi magharibi kwa Barabara ya Samora. Kwenye mzunguko wa magari utakuta Sanamu ya Askari ya 1927, kumbukumbu ya wanajeshi na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Soma maandishi ya kwenye msingi wake, Kiswahili kimo. Kama una njaa, ingia mitaa ya Jamhuri na Kisutu kwa biriani. Samora inaishia Mnara wa Saa, uliowekwa Dar ilipotangazwa kuwa jiji mwaka 1961, na kutoka hapo stesheni haiko mbali.

Uwe mlangoni saa moja na nusu kabla ya treni. Sweta uliloliona mzigo mchana kutwa litahitajika kwenye behewa, ambako kiyoyozi ni kikali, na zaidi utakaposhuka Dodoma usiku wa Juni au Julai. Panga kabisa na mtu wa kukupokea au dereva wa bajaji unayemjua, maana saa hizo daladala ni chache.