Namna ya Kuanzisha Kundi la Magitaa Makavu Mbeya Wakati Kila Mtu Anataka Spika Kubwa

Panki, muziki wa roki wa kasi na kelele, ilipovuma Uingereza na Marekani mwaka 1976 na 1977 (kwetu neno hilo limebaki kwa vinyozi), vijana wengi waliamini kwamba kuukataa muziki wa wakubwa ni kupiga kwa kasi na kwa kelele. Wachache walishika njia yao wenyewe, ya utulivu. Jonathan Richman wa Massachusetts, ambaye bendi yake ya awali ya umeme iliwavutia wapanki wenyewe, alipunguza sauti wakati wenzake wanaongeza. Mjini Cardiff, Young Marble Giants walianza mwaka 1978, wakatumia vyombo vya umeme lakini kwa upole kama wanaozungumza chumbani, wakatoa albamu moja mwaka 1980, kisha haukupita muda wakavunjika. Huko Milwaukee, Violent Femmes walipiga mtaani wakiwa na gitaa kavu (yaani lisilotumia umeme), besi kavu na ngoma ndogo ya kupigwa kwa brashi, na mwaka 1981 bendi ya Pretenders iliwakuta nje ya ukumbi ikawaalika jukwaani usiku huohuo.

Mwongozo huu ni wa yeyote wa Mbeya, Iringa au Njombe anayetaka kujaribu jambo la namna hiyo leo. Kundi letu la mtaa wa Soweto, Mbeya, lilidumu miezi 14 tu, na karibu kila kosa nitakalolitaja tulilifanya sisi wenyewe.

Anza na watu watatu, na wasizidi wanne. Pasipo spika, kila gitaa linaloongezeka humfunika mwimbaji, na mwimbaji akianza kupaza sauti ili asikike, utulivu mliokusudia umekwisha. Mkiwa na magitaa mawili, yasipige mahali pamoja. Gitaa la kwanza likipiga kodi za G, C na D (kodi za gitaa, si zile za TRA), la pili lifungwe kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote) kwenye freti ya tano, yaani kijiti cha tano cha chuma shingoni mwa gitaa, na kutumia maumbo ya D, G na A. Kodi zitakuwa zilezile, lakini moja litasikika chini na jingine juu, na katikati patabaki nafasi ya sauti ya mtu. Sisi tulichukua miezi mitano kuligundua hilo, na kwa muda wote huo tulikuwa tukilaumiana kwamba fulani anapiga kwa nguvu.

Kwa besi, msihangaike kununua chombo cha gharama. Majirani zetu wa Malawi wana babatoni, sanduku kubwa lenye mpini mrefu na uzi mmoja mnene, na fundi seremala mwenye subira anaweza kukuundia la kwako. Kwa mapigo, kayamba na sanduku la mbao la kukalia vinatosha. Ukiwa Iringa na ukabahatika kumpata mzee anayepiga ligombo, chombo cha asili cha nyuzi cha Wahehe, mwombe kwa adabu ajiunge nanyi kwa wimbo mmoja au miwili, lakini msimlazimishe afuate magitaa yenu. Ulinganifu wa ligombo lake ni wake, kwa hiyo nyinyi ndio mlegeze au mkaze nyuzi mpaka mkutane naye.

Hali ya hewa ya kwetu inahitaji uangalizi ambao vitabu vya Pwani havitakwambia. Kuanzia Juni hewa ni baridi na kavu, na mbao za gitaa hupoteza unyevu, uso wake hushuka, nyuzi huanza kukwaruza freti, na likiachwa hivyo hupasuka. Dawa yake ni rahisi. Chukua kisanduku cha sabuni cha plastiki, kitoboe matundu pande zote, weka ndani sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka isidondoshe hata tone, kisha ukifungie kwenye begi pamoja na gitaa na uangalie sponji kila baada ya siku tatu. Tena, mkitoka kwenye baridi ya usiku na kuingia ukumbi uliojaa watu, nyuzi za chuma hupata joto, hutanuka na sauti hushuka, kwa hiyo fikeni nusu saa kabla na mlinganishe magitaa mkiwa humohumo ndani.

Masika nayo ina adui wake, yaani bati. Mvua ya Mbeya ikianguka juu ya paa lisilo na dari, hakuna gitaa kavu litakalosikika, hata mpigaji awe hodari namna gani. Miezi ya mvua itumieni kutunga na kufanya mazoezi asubuhi, na maonyesho myapange kati ya Juni na Oktoba.

Mahali pa kupigia ndipo penye kazi kubwa zaidi. Nje, pasipo kuta, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua kwa desibeli 6, kwa hiyo mtu aliye mita nane anapokea sauti hafifu kabisa kuliko aliye mita mbili. Simameni kwenye kona yenye kuta ngumu nyuma yenu, viti vipangwe nusu duara, na kiti cha mwisho kisizidi mita sita. Hapo ndipo tulipoaibika. Tulikubali kupiga kwenye sherehe moja ambako mshereheshaji alituweka kando ya jenereta, na bibi mmoja wa mstari wa mbele akatuuliza, kwa huruma kabisa, kama tumesahau kuwasha vyombo. Tangu siku ile tuliuliza kwanza jenereta liko wapi, ndipo tukazungumzia malipo. Kabla ya onyesho la kulipisha viingilio, muoneni afisa utamaduni wa halmashauri awaelekeze kuhusu vibali.

Rekodini mapema, ikiwezekana mwezi wa tatu tangu mwanze, kabla hamjajiona mko tayari. Buzzcocks wa Manchester walikopa pauni 500, wakarekodi, na Januari 1977 wakatoa santuri yao wenyewe, nakala 1,000 za kwanza. Nyinyi mnahitaji simu moja na chumba chenye godoro na mablanketi ukutani. Zimeni friji. Simu iwekwe kwenye kigoda, mwimbaji asimame mita moja kutoka kwayo, magitaa mita moja na nusu, babatoni mbali zaidi karibu na mlango, kisha rekodini dakika moja, sikilizeni kwa hedifoni, na badala ya kugusa simu sogezeni watu. Pigeni kila wimbo mara tatu mfululizo pasipo kusimama.

Siku hiyohiyo andikeni kwenye daftari nani ametunga maneno na nani ametunga sauti, kila mmoja atie saini, na nyimbo zipelekwe kusajiliwa Ofisi ya Hakimiliki. Nakala za rekodi zikae kwa watu wawili wanaoishi nyumba tofauti. Zetu zote zilikuwa kwenye simu moja, na simu hiyo iliibwa stendi wiki mbili baada ya mpiga besi wetu kuhamia Songwe.