Vile ya kuangalia muvi za wanamuziki mpaka utoke na wimbo wako

Hizi muvi twazijua, jamaa aanza hana kitu, mara yuko jukwaani watu wampigia makofi, na sisi tuko kwa mkeka na kachiri zetu twalia. Mimi nimelia hivyo miaka na sikutoka na hata beti moja, mpaka nilipobadilisha vile naziangalia.

Mara ya kwanza angalia yote, usisimamishe, ulie ukitaka. Mara ya pili chukua daftari na shoo zote ruka, tafuta pale wimbo watengezwa. Mfano Once ya 2007, ile ya Dublin, kuna sini wako duka la ala, yule dada hana piano kwake ndo maana huja kucheza pale, kaka ampa kordi na gitaa, dada aingia kwa piano pole pole kama mtu apimaye maji ya bahari kwa mguu, halafu sauti ya pili ndo yaja. Hapo pausi. Glen Hansard na Markéta Irglová ni wanamuziki kweli na wimbo ni wao walotunga, ukachukua Oscar 2008, kwa hivyo vidole waonavyo si vya kuigiza. Andika nani kaanza, nani kangoja, kiitikio kimeingia lini.

Sasa wako. Usitafsiri yao, wallahi utajuta. Kiswahili chakaza silabi ya pili kutoka mwisho, m-PE-nzi, naku-PE-nda, na melodi nyingi za Kizungu zamalizia kishindo kwa silabi ya mwisho kabisa, nami nikalazimisha, nikaimba "nakupendAAA" wiki nzima, bibi akaniuliza kwani huyo Ndaa ni mtoto wa nani. Dawa yake ni rahisi, sema mstari kwanza kama wazungumza na jirani, huku wagonga meza, mkono ukiangukia "pe" uko sawa, usipoangukia badilisha neno ama sogeza mstari mbele kidogo. Watu wa taarabu hawana shida hii, mizani 8 kwa 8 wameinyonya na maziwa. Na andika mambo yako, foleni ya feri Likoni, mwenye nyumba agongaye mlango asubuhi, si theluji, theluji waijulia wapi?

Zile sini za dakika tatu mtu afanya mazoezi mpaka awa mkali, ruka, hizo ni uongo mtamu tu.

Halafu usiku kabla hujaenda studio angalia mbili hizi. The Harder They Come ya 1972, Jimmy Cliff ndo Ivan, yuko Kingston, wimbo wake mwisho autoa kwa dola 20. Na Inside Llewyn Davis ya 2013, jamaa ana njaa, achukua pesa ya mkononi, mrabaha, yaani yale malipo ya kila wimbo ukiuzwa ama kupigwa, wampita. Mimi nilicheka, kumbe najicheka, kuna prodyusa tulikubaliana kwa mdomo tu, miezi baadaye niko ndani ya matatu ya Kisauni nasikia maneno yangu, sauti si yangu. Kwa hivyo kabla maiki haijawashwa toeni karatasi, maneno ya nani, melodi ya nani, biti ya nani, kila mtu asilimia ngapi, mutie sahihi wote, piga picha na uitume kwa kila mmoja hapo hapo, prodyusa akikwambia "tutaongea baadaye" vaa viatu vyako.