SOMO: Tipa ndogo ya vitofali inayokwenda, inayopinda na inayomwaga (tunaanzia kwenye tairi)

Haya wapenzi wa vitofali, tangu nitoe ile video ya tipa inamwaga kunde barazani masuali hayeshi, basi naandika yote pahala pamoja, anaetaka asome anaetaka akopi. Nnaosema nao ni wenye LEGO Technic au vile vya China vinavyoingiliana navyo, yaani fito zenye matundu, pini, na shafti za umsalaba. Gari yenyewe ni tipa ya tairi sita, hizi hizi zinazoshusha kokoto kila palipo na ujenzi kuanzia Fuoni mpaka Bububu, stelingi kulia.

Kipimo changu humu ndani ni tundu. Kutoka tundu mpaka tundu kwenye ufito ni milimita 8, na mambo yote tutayapeleka kwenye nane hizo.

Tairi kwanza, kebini baadae

Wengi wanaanza na kebini kwasababu ndio sura ya gari. Kebini ikishapendeza ndio mtu anatafuta tairi za kuifaa, hazipo, saizi hiyo haijatolewa, matokeo yake gari inakuwa na kiwiliwili cha ng'ombe miguu ya mbuzi. Tairi ndio kitu pekee usichoweza kukiunga mwenyewe, vyengine vyote utaunga. Kwahiyo shika tairi ulizonazo mkononi afu gari nzima itoke humo.

Mie nnatumia tairi za 62.4, hiyo ni milimita za kipenyo chake, kutoka ukingo wa juu mpaka wa chini tairi ikiwa imesimama. Chukua tepu nenda gereji yoyote, muombe fundi upime tairi ya 10.00-20 ya tipa ya kweli, utapata kama mita 1 na sentimita 5. Sasa gawa, 1050 kwa 62.4, jibu ni 16.8, sema 17. Basi gari yako ni moja kwa kumi na saba, kila kipimo cha gari ya kweli gawa kwa 17 kisha gawa kwa 8 ujue ni matundu mangapi.

Mfano. Tipa iliyokuwa na mita 4.2 kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, 4200 kwa 17 ni 247, kwa 8 ni 31 kasoro kidogo, unachukua 31. Upana mita 2.45, inakuja 18. Hapo sasa usichukue 18! Propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu ya mota nyuma) na difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa tairi mbili) zinataka kupita katikati, na namba shufwa haina tundu la katikati, utakuja kuhangaika na vipande vya nusu tundu mpaka usiku. Chukua 17 au 19. Mie nachukua 17, gari ikiwa nyembamba kidogo hakuna anaeona, ikiwa nene inaonekana toka mbali.

Na kama kebini utajenga kwa vitofali vya vinundu juu ya chasisi ya fito, kumbuka kitofali urefu wake kwenda juu ni 9.6 sio 8. Vitofali vitano ni 48, na matundu sita ni 48, hapo ndipo vinapokutana. Funga kebini kwenye vituo hivyo tu.

Uzito

Hichi watu hawakifikirii kabisa. Ukipunguza gari mara 17 kwa urefu, uzito hauendi mara 17, unakwenda 17 kwa 17 kwa 17, yaani 4913. Tipa ya tani 12 na mzigo wake inakuja kilo 2 na gramu mia nne hivi. Ndio kikomo chako. Ukiona gari tupu inakaribia kilo 2 ujue umejaza plastiki mahala pasipoonekana, bomoa, maana mota na shafti ndio zitakazolipa.

Chasisi

Reli mbili, kila moja fito mbili zilizolaliana, baina yake weka fremu za mraba kila baada ya matundu kama saba. Ukimaliza shika mbele na nyuma uisokote kama unakamua nguo. Ikisokoteka ongeza fremu. Hapa sina maneno mengi.

Difu na mota, hapa tulia

Mota ya L (ile kubwa kuliko M) ya Power Functions, mfumo wa LEGO wa mota na rimoti, bila mzigo inazunguka kama mara 390 kwa dakika kwa volti 9. Tairi yetu ikizunguka mara moja inakwenda 62.4 mara 3.14, ni milimita 196. Ukifunga mota moja kwa moja gari itaruka kama pikipiki afu itashindwa kupanda hata kizingiti. Lazima upunguze. Difu ya LEGO ina meno 28, isukume kwa gia ya meno 12, kwahiyo 390 mara 12 gawa 28, ni 167. Zidisha kwa 196 utapata kama mita 33 kwa dakika, karibu kilomita 2 kwa saa. Inaonekana ndogo eeh? Zidisha kwa 17 urudi kwenye gari ya kweli, ni kama kilomita 33 kwa saa, na ndio mwendo wa tipa ilioshiba kokoto. Ukiipiga video utaona mwenyewe haina papara.

Sasa siri iko wapi, punguza mwendo mwisho, kule kule kwenye ekseli, usipunguze karibu na mota. Kwasababu ukipunguza mapema nguvu inakuwa kubwa mapema, na nguvu hiyo yote inapita kwenye propela, shafti za plastiki zinajisokota kama kamba, na kama umeweka krosi ya propela (kile kiungo kinachopinda) inakatika masikio. Ukiacha propela izunguke mbio na nguvu ndogo, afu difu ndio ipunguze, hakuna kitu kinachoumia. Na malori ya kweli ya kazi nzito mengi yana gia za kupunguza kule kwenye habu za tairi, sababu ni hiyo hiyo.

Gia ya 12 na difu ya 28 zina ugomvi wao. Zikipata nafasi ya kusogea hata kidogo zinarukiana meno, utasikia ta ta ta ta. Dawa yake sio gundi. Zifungie ndani ya fremu, shafti ya gia ya 12 ishikwe mbele karibu kabisa na gia, na nyuma yake tia kikomo isirudi nyuma. Ukitikisa kwa kidole isitikisike.

Ekseli ya nyuma mie siwekei springi, nafunga ngumu, ila ya mbele naiacha ining'inie kwa shafti moja ya katikati ipande upande huu ishuke upande huu. Hivyo tairi zote zinagusa chini hata kwenye sakafu mbovu, na propela inakwenda moja kwa moja bila krosi.

Stelingi

Mota ya sevo, gia ndogo, reki ya meno inakwenda kulia na kushoto, tairodi mbili (fito za kuvuta na kusukuma tairi). Sevo inarudi katikati yenyewe ukiachia rimoti, kwahiyo kabla hujafunga reki iwashe kwanza ijikalishe katikati, ndio ufunge tairi zikiwa zimenyooka. Tairi ikipinda digrii 30 inatosha, ukitaka zaidi itakwaruza matagadi.

Asiekuwa na sevo atoe shafti ndefu kutoka kwenye gia ya reki ipite ndani ya kebini itokee juu ya paa, achomeke gia kubwa pale juu, anapinda kwa mkono. Inafanya kazi vizuri tu na watoto wanaipenda zaidi kuliko rimoti.

Jeki ya kumwagia

Tunatumia ile jeki ndefu yenye skrubu ndani, mota ya M inaizungusha. Uzuri wake kwanza ukizima mota bodi inabaki pale pale haishuki, pili ikifika mwisho ina klachi ndani inalia krrr bila kuvunja kitu.

Tatizo inarefuka kama matundu 5 tu, sentimita 4, na watu wanaifunga katikati ya bodi kisha wanalalamika bodi inanyanyuka kama kifuniko cha sufuria kilichopandishwa na mvuke. Isogeze nyuma kwenye bawaba. Kichwa cha jeki kikiwa matundu 8 kutoka bawaba, na kitako chake kiko mbele, chini ya kichwa kwa matundu 4, utapata karibu digrii 45. Ukisogeza mpaka 6 utapata zaidi lakini jeki inabeba mzigo mzito zaidi. Na hayo matundu 4 ya kushuka usiyapunguze, jeki ikilala sambamba na bodi inasukuma nyuma tu hainyanyui kitu, utasikia krrr kabla bodi haijaondoka. Mota ya kuendeshea ilale chini kabisa baina ya reli, jeki ipite juu yake.

Bawaba isizidi sana nyuma ya tairi za nyuma, ukimwaga mzigo wote unakimbilia mkiani na gari itanyanyua pua. Boksi la betri liweke nyuma ya kebini, lile na betri zake sita linazuia pua vizuri.

Mlango wa nyuma uning'inie kwa juu, uwe unafunguka wenyewe bodi ikipanda. Chini weka kipande kidogo cha kuuzuia gari ikitembea.

Kebini na rangi

Hapa kila mtu na jicho lake. Nnaomba kitu kimoja tu, stelingi kulia jamani, na namba ianze na Z. Maandishi ya nyuma ya gari andika unachotaka, madereva wenyewe ndio wanavyofanya.

——

MASUALI YA WANACHAMA

Kijana wa Wete: Shikamoo ami. Mie sina mota hata moja nna fito na gia tu, nifanyeje? Na hiyo tipa nitie mchanga wa kweli?

*Marahaba mwanangu. Jenga hivyo hivyo na difu yake, ukisukuma kwa mkono propela itazunguka, itie feni ndogo nyuma ya kebini uone inavyozunguka gari ikitembea. Jeki nayo ina shafti, zungusha kwa mkono. Mchanga hapana! Punje zinaingia kwenye matundu na meno ya gia zinakula plastiki, na ukiwa wa pwani una chumvi juu yake. Halafu hesabu, bodi ya sentimita 20 kwa 13 kwa 4 ni kama lita moja, mchanga wa lita moja ni kilo na nusu na zaidi. Tia kunde, mchele, au huko kwenu karafuu kavu, nyepesi na gari inanukia.*

fundi_difu: Kaka mie nimefata hesabu yako ila nimetumia betri za kuchaji, gari inakwenda goigoi. Mota mbovu?

*Mota nzima. Betri ya kawaida ni volti 1.5, sita ni 9. Ya kuchaji ni 1.2, sita ni 7.2. Umepoteza moja katika tano kabla hujaondoka. Badilisha gia, badala ya 12 sukuma difu kwa meno 20, mwendo utapanda, ila mzigo punguza.*

Bi Mkubwa wa Jang'ombe: Mwanangu kajenga, ndani ya nyumba inakwenda vizuri, akitoka nayo uwanjani mchana rimoti haisikii mpaka aisogeze karibu kabisa. Dukani wamemwambia rimoti imekufa.

*Haijafa dada. Rimoti za Power Functions zinatumia mwanga usioonekana kama rimoti ya tivii, na jua la saa saba linaumeza. Acheze kivulini au baada ya laasiri. Zile mpya zinazoungana na simu kwa bluetooth hazina shida hiyo. Na betri msiziache ndani ya boksi wiki na wiki, hewa yetu ya chumvi inazitia kutu zile bati.*

Mpemba wa Konde: Mie sitaki tipa, nataka gari ya abiria ya mbao, zile za zamani zenye viti vya ubavuni na chaga ya juu ya kuwekea ndizi. Nibadilishe nini?

*Chasisi ile ile. Toa jeki na mota yake, umepata nafasi na uzito umepungua. Ila pima tairi ya gari yenyewe kwanza, nyingi za namna hiyo zimejengwa juu ya lori dogo, tairi 7.50-16 ni kama sentimita 80. Kwa tairi zetu za 62.4 hiyo inakuja moja kwa 13, gari itakuwa kubwa kuliko tipa yangu! Ukipata tairi za 49.5 itakuwa moja kwa 16, upana wa mita 2 unakuja matundu 15 na nusu hivi, chukua 15, namba witiri, raha tupu. Mbao tumia bapa za rangi ya kahawia. Chaga ya juu usiipakie sana, gari ndefu kwenda juu ikipinda inalala.*

tumbatu_boy: Brother kuna programu ya kuchora kwanza kwenye simu?

*Mie natumia Stud.io, ni bure, lakini inataka kompyuta ya Windows au Mac, kwenye simu haipandi. Inakwambia vipande vinavyogongana na inakuhesabia orodha ya vipande vyote, hapo unajua ununue nini. Haitokwambia shafti itasokoteka, hilo mpaka ujenge.*

fundi_difu: Nimeweka 20 kaka, inakwenda. Sasa inaruka meno nikirudisha nyuma tu, mbele haina neno.

*Kile kikomo cha nyuma ya gia ndogo hujakitia. Difu ikibeba mzigo inaisukuma gia ndogo nje, na bila kikomo inapata nafasi ya kuruka. Tia bushi (pete ndogo ya kubana shafti) ya nusu tundu nyuma yake iguse fremu, afu jaribu tena na mzigo.*