Miraba ya viraka kwa mabaki ya kitenge

Mabaki yanayorundikana chini ya meza ya fundi yanatosha foronya, hata blanketi la viraka. Muundo rahisi wa kuanzia ni mikanda mitatu kwenye mraba mmoja. Tumia pamba tupu. Chenye nailoni kitayeyuka kwenye pasi ya moto.

1. Fua kwanza, chekundu na bluu iliyoiva peke yake. Kitenge kipya kinaweza kuchuja rangi na kurudi, na kikirudi kishashonwa, kazi yote inajikunja. Kausha, piga pasi.

2. Kata mikanda ya upana wa sm 7, ukifuata uzi wa kitambaa. Usikate hanamu, yaani mshazari, itavutika. Chagua rangi tatu: iliyoiva, ya kati na iliyopauka. Kitenge cha maua makubwa hupoteza ua kikikatwa vyembamba hivi. Mimi hukiweka kiwe mgongo wa foronya.

3. Shona mikanda mitatu pamoja, ukiacha sm 1 ya mshono. Kazi hii huharibikia hapa. Usikadirie kwa macho: shusha sindano, pima sm 1 kulia kwake, bandika plasta kwenye bamba la cherehani, na ukingo wa kitambaa utembee kando ya plasta. Weka urefu wa mshono kwenye 2, maana baadaye utakata juu ya mishono na hakuna pa kurudisha uzi ili kuufunga. Mshono wa pili uanzie ncha ya upande wa pili. Ukishona yote kuelekea upande mmoja, kitambaa hupinda kama upinde.

4. Piga pasi kwa kukandamiza na kuinua, bila kuburuta. Mishono ilale upande wa rangi iliyoiva.

5. Pima upana: sm 21 toa 4 zilizoliwa na mishono, ibaki 17. Ukipata 16.5 kote, usivute kitambaa. Kata miraba yote kwa 16.5, mambo yaende. La sivyo kata ya sm 17. Urefu wa sm 110 hutoa miraba sita.

6. Panga miraba minne, mikanda ikisimama kwenye mmoja na kulala kwenye jirani yake. Unga miwili miwili, kisha jozi zote. Pale katikati, mshono wa juu ulale kushoto na wa chini kulia, ubane kwa pini. Ukipapasa kwa kidole usisikie kinundu.

Foronya ya sm 60 hula miraba 16. Shona seti tatu za mikanda, miraba miwili itabaki ya akiba.