Jinsi ya kuomba kisukuku cha urithi kitambuliwe na kuthaminiwa

Umerithi jino, mfupa au konokono wa baharini aliyegeuka jiwe? Usikisafishe. Siki hula visukuku vya chokaa, na vanishi huziba alama anazozitafuta mtaalamu. Hata mwamba ulioganda nyuma yake uache.

Anza na makaratasi. Pekua vitu vya marehemu: lebo, risiti, barua, picha za zamani. Unatafuta kilichimbwa wapi na kilitoka huko lini. Kipande kilichovunjika chenye lebo ya penseli iliyofifia kina faida kwa sayansi kuliko kizuri kisichojulikana kwao. Halafu kuna sheria. Nchini Brazili visukuku ni mali ya dola tangu 1942, na Mongolia nayo hairuhusu viuzwe nje. Kurithi peke yake hakukupi haki ya kumiliki. Weka pia nakala ya wosia au hati ya mirathi.

Kisha piga picha mchana, rula ikiwa kando, kila upande, na moja ya karibu pale palipovunjika. Andika vipimo na uzito.

Ombi la utambuzi lipeleke makumbusho ya historia asilia au idara ya jiolojia ya chuo kikuu. Barua iwe fupi, na usiulize bei: makumbusho mengi hayaruhusu wafanyakazi wake kutaja thamani ya fedha. Ukiambiwa ukilete chenyewe, usiondoke bila stakabadhi.

Uwe tayari kwa jibu lisilopendeza. Mataya mengi ya mosasauri, mtambaazi mkubwa wa baharini wa kale, yanayouzwa kutoka Moroko ni meno halisi yaliyopachikwa kwenye mchanga na gundi. Taa ya urujuanimno (UV) mara nyingi hufichua sehemu hizo za gundi. Kama ulichorithi ni pembe ya ndovu, mtaalamu hutazama mistari inayokatizana kwenye mkato wake, karibu na ukingo wa nje: mistari ya mamothi, jamaa wa tembo aliyetoweka, kwa kawaida hukatizana kwa digrii chini ya 90, ya tembo wa leo kwa zaidi ya 115. Tofauti hiyo ni nzito, maana biashara ya kimataifa ya pembe za tembo imebanwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini.

Ukishapata jibu la maandishi, ndipo umtafute mtathmini. Asiwe mtu anayetaka kukinunua, wala asilipwe asilimia ya thamani atakayoitaja. Mwambie unachokusudia, kwa kuwa thamani ya bima na ya kugawana mirathi hazilingani. Hati yake iwe na tarehe, saini, msingi wa makadirio, na ieleze ni sehemu ipi iliyokarabatiwa.